Casgevy na Lyfgenia: tathmini ya tiba mbili za jeni kwa wenye selimundu

Tarehe 8 Desemba 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha kwa mpigo tiba mbili za jeni za selimundu: Casgevy, iliyotengenezwa na Vertex pamoja na CRISPR Therapeutics, na Lyfgenia ya bluebird bio. Casgevy ilikuwa imeshapata kibali Uingereza tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, ikawa tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa CRISPR kuruhusiwa kuuzwa popote. Wakati huo zote mbili ziliidhinishwa kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea ambao vipindi vya maumivu makali vinawarudia, hutolewa mara moja tu, na hutengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe.

Tuseme mapema tulikofikia, maana wapo watakaosoma haya huku wana uamuzi wa kufanya. Kazi ya jeni iliyomo ndani ya tiba hizi ni ya kiwango cha juu, na matokeo yake yanaonekana kwenye damu baada ya miezi michache. Taabu iko kwenye mambo mawili ambayo matangazo huyapitia juujuu: kukusanya seli za kutosha, na dawa iitwayo busulfani inayoufuta uboho kabla seli mpya hazijarudishwa. Tukiulizwa ipi ya kuanza kuifikiria, tunajibu Casgevy, kwa sababu za usalama wa muda mrefu tutakazozieleza. Hata hivyo, uzoefu wa kituo kinachotoa tiba una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa.

Kinachotibiwa

Selimundu ni ugonjwa wa herufi moja. Jeni ya HBB, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza beta-globini, ambayo ni nusu ya minyororo ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtu mzima. Katika kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 6 ya jeni hiyo, GAG imegeuka kuwa GTG, na kwa hiyo mahali pa asidi ya glutamiki pameingia valini. Valini hukimbia maji na hutafuta pa kujibanza. Himoglobini ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli nyekundu. Seli inajikunja kama mundu, inakakamaa na kuziba mishipa midogo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20. Hapo ndipo zinapoanzia upungufu wa damu, maumivu ya mifupa, kifua kubana ghafla, kiharusi, na figo kuchakaa taratibu.

Nakala yenye kasoro huitwa S, na ya kawaida A. Mwenye SS amepokea S kwa baba na kwa mama. Mwenye nakala moja, yaani AS, kwa kawaida huwa mzima. Wazazi wawili wa AS, katika kila mimba, wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto SS, 2 kati ya 4 wa AS na 1 kati ya 4 wa AA. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Kuugua kwa mtoto wa kwanza hakumkingi wa pili. Wapo pia wanaougua kwa kurithi S upande mmoja na himoglobini C (aina nyingine yenye kasoro), au beta-thalasemia (upungufu wa beta-globini), upande wa pili.

Jambo moja la maumbile ndilo lililofungua njia ya Casgevy. Mtoto mwenye SS huzaliwa hana dalili, kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini ya kijusi, HbF, ambayo minyororo yake ya gama haikubali kuingia kwenye zile nyuzi. Miezi inavyosonga HbF hupungua na ugonjwa hujitokeza. Lakini wapo watu waliorithi S pamoja na hali ya kuendelea kutengeneza HbF nyingi hadi utu uzima, na hao huishi karibu bila dalili zozote. Swali likawa: nini kinachoizima HbF kwa wengine?

Njia mbili tofauti za kufika

Jibu lilipatikana mwaka 2008, pale Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walipoonyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo breki ya jeni za gama. Kuiondoa BCL11A yote kungeleta madhara, kwa kuwa seli nyingine, zikiwemo za kinga, zinaihitaji. Casgevy inalenga kipande kidogo ndani ya jeni ya BCL11A ambacho huipa nguvu ndani ya seli zinazoelekea kuwa nyekundu peke yake. Seli hupitishiwa mshtuko mfupi wa umeme ili utando wake ufunguke, kisha Cas9, protini inayokata DNA, na RNA yake elekezi, inayoipeleka mahali pa kukata, huingia zikiwa zimeshaungana. Cas9 hukata nyuzi zote mbili za DNA mahali palipolengwa. Seli hukimbilia kuunga ncha zilizokatika, na katika kuunga huko hupoteza au kuongeza herufi chache. Hitilafu hiyo ndogo inaharibu mahali ambapo protini ya GATA1 hushika ili kuiwasha BCL11A. Breki inalegea, gama inarudi.

Cas9 yenyewe huvunjwavunjwa na seli baada ya muda mfupi, na hakuna jeni ngeni inayobaki. Ieleweke pia kwamba herufi iliyokosewa kwenye HBB haijaguswa. Mgonjwa anaendelea kutengeneza S. Tofauti ni kwamba sasa S ina HbF ya kutosha pembeni yake kuizuia isijipange kuwa nyuzi.

Lyfgenia inakwenda njia ya zamani zaidi: kuongeza jeni. Kibebeo chake ni kirusi cha jamii ya lenti, kilichoundwa kutokana na VVU na kuondolewa uwezo wa kuzaliana. Kinachobebwa ni jeni ya beta-globini iliyobadilishwa mahali pamoja kwa makusudi: nafasi ya 87 threonini imetolewa, ikawekwa glutamini, ileile iliyoko kwenye mnyororo wa gama. Himoglobini inayotoka, HbAT87Q, hubeba oksijeni kama A ya kawaida na wakati huohuo huzuia nyuzi kama F. Badiliko hilo lina faida nyingine ambayo watu wa maabara wanaipenda: HbAT87Q hupimika mbali na A iliyotoka kwenye damu ya kuongezewa, kwa hiyo daktari anajua hasa ni kiasi gani kinatengenezwa na tiba.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kirusi hujipachika kwenye DNA mahali kisipochaguliwa. Kikitua karibu na jeni inayosukuma seli kugawanyika, kinaweza kuiamsha. Hatari hii imewahi kuonekana waziwazi: katika majaribio ya kwanza ya kutibu upungufu mkubwa wa kinga wa SCID-X1, yaliyotumia virusi vya kizazi cha zamani, baadhi ya watoto walipata saratani ya damu baada ya kirusi kuiamsha jeni ya LMO2. Virusi vya lenti vya sasa vimeundwa kupunguza hatari hiyo. Kupunguza ndilo neno sahihi hapo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tiba hii isiwe sindano moja, kama Zolgensma ya kudhoofika kwa misuli ya uti wa mgongo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Tiba hizo hutumia kirusi cha AAV ambacho, kwa sehemu kubwa, hukaa ndani ya seli bila kujiunga na kromosomu. Kwa seli za neva zisizogawanyika hilo linatosha. Seli shina za damu, zinazokaa kwenye uboho na kuzaa seli zote za damu, hugawanyika maisha yote, na jeni isiyojiunga na kromosomu ingepotea kadiri zinavyoongezeka. Ndiyo maana seli hutolewa nje, hubadilishwa maabara na kurudishwa.

Matokeo ya majaribio

Kwa Casgevy, katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha wakati wa idhini ya FDA, 29 walimaliza angalau miezi 12 mfululizo bila kipindi kikali cha maumivu. HbF ilifika takriban asilimia 40 ya himoglobini yote na kubaki hapo, na seli zilishika kwa wote waliorudishiwa. Kwa Lyfgenia, katika wagonjwa 32, 28 hawakupata kipindi chochote cha maumivu kati ya mwezi wa 6 na wa 18, na 30 hawakupata kipindi kikali.

Usizishindanishe asilimia hizi mbili. Majaribio hayakufanywa pamoja, tafsiri ya kipindi kikali ni tofauti, na dirisha la kuhesabu ni tofauti. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba zote mbili zinafanya kazi, na kwamba kwa wengi waliozoea kulazwa mara kwa mara, kulazwa kwa maumivu kumekoma.

Kisichobadilika ni uharibifu uliokwishatokea. Nyonga iliyokufa mfupa haioti upya, figo iliyochakaa hairudi ujana, na sehemu ya ubongo iliyopigwa na kiharusi inabaki hivyo. Wapo pia wanaobaki na maumivu sugu, kwa kuwa mifupa na neva zimeumia kwa miaka mingi. Anayeahidiwa kuamka bila maumivu yoyote anadanganywa.

Kukusanya seli: hatua inayowaangusha wengi

Angalau wiki 8 kabla ya kuanza kukusanya, haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya selimundu, husimamishwa, kwa sababu inapunguza seli shina zinazoweza kukusanywa. Katika kipindi hicho mgonjwa huongezewa au kubadilishiwa damu mara kwa mara. Kwa Casgevy lengo ni S iwe chini ya asilimia 30 huku himoglobini ikiwa haizidi gramu 11 kwa desilita. Kikomo hicho cha juu kina sababu: damu ikiwa nzito kupita kiasi wakati S bado ipo, mishipa inaziba. Mgonjwa mwenye kingamwili nyingi kutokana na kuongezewa damu miaka mingi anaweza kukwama hapa kwa kukosa damu inayomfaa. Uchunguzi kamili wa makundi ya damu ufanyike mwanzoni, benki ya damu ipate muda wa kutafuta.

Siku ya kukusanya, hutumika pleriksafori, miligramu 0.24 kwa kila kilo ya uzito, sindano ya chini ya ngozi saa 2 hadi 3 kabla ya kuunganishwa na mashine ya kuchuja seli. Dawa hii hukata kamba inayoshikilia seli shina kwenye uboho, zikamiminika kwenye damu. Dawa ya G-CSF, inayotumika kwa wagonjwa wengine, hapa ni marufuku: hupandisha chembe nyeupe na imewahi kuleta vipindi vikali na hata vifo kwa wenye selimundu. Ukiiona kwenye mpango wa matibabu wa mgonjwa wa SS, simamisha na uulize.

Mashine huchuja damu kwa saa kadhaa, hadi siku 3 mfululizo. Dawa ya kuzuia damu kuganda ndani ya mashine hunasa kalsiamu, kwa hiyo mgonjwa akihisi midomo au vidole vinachonyota aseme mara moja. Kalsiamu huongezwa kwa mshipa na hali hupoa. Mwendesha mashine asiyewahi kumhudumia mgonjwa wa SS hupata mavuno madogo, kwa kuwa seli nyekundu za ugonjwa huu hazitengani kwa tabaka safi kama za mtu mwingine, na seli shina nyingi hukaa chini kidogo ya pale anapotarajia. Swali la kwanza la kukiuliza kituo ni hili: mmekwisha kukusanya seli za wagonjwa wangapi wa SS?

Hesabu yenyewe ni kubwa. Kwa Casgevy inashauriwa kukusanya angalau seli milioni 20 za CD34 (alama inayotambulisha seli shina) kwa kila kilo ya mgonjwa, pamoja na nyingine milioni 2 kwa kilo zinazohifadhiwa bila kubadilishwa, ziwe akiba ikiwa zilizohaririwa zitagoma kushika. Kwa Lyfgenia lengo ni milioni 16.5, na akiba ni milioni 1.5. Dozi ya chini ya kurudishwa ni milioni 3 kwa kilo kwa zote mbili. Tofauti kati ya kinachokusanywa na kinachorudishwa huliwa na kusafisha, kuhariri, kugandisha na vipimo vya ubora.

Katika jaribio la Casgevy nusu ya wagonjwa walimaliza kwa mizunguko ya kukusanya isiyozidi 2, lakini yupo aliyefika 6, na takriban mmoja kati ya kumi hakufikisha dozi ya chini kabisa, akaishia hapo. Kati ya mzunguko na mzunguko husubiriwa angalau siku 14, na kuongezewa damu kunaendelea muda wote. Baada ya hapo kiwanda cha Casgevy kinaweza kuchukua hadi miezi 6 kutengeneza na kupima dozi. Familia ipange mwaka mzima, isipange miezi miwili mitatu kama vipeperushi vinavyoweza kumfanya mtu afikiri. Masomo, kazi, mtu wa kukaa na mgonjwa: yote yapangwe kwa kipimo hicho.

Busulfani

Sehemu hii tunaiandika kwa uzito wote, kwa kuwa madhara mengi ambayo watu huyahesabu kuwa ya tiba ya jeni ni ya dawa hii. Seli mpya hazina pa kukaa mpaka zile za zamani ziondolewe. Busulfani hutolewa kwa mshipa siku 4 mfululizo. Katika majaribio ya Casgevy dozi ya kuanzia ilikuwa miligramu 3.2 kwa kilo kwa siku, au 0.8 kila baada ya saa 6. Kiwango chake kwenye damu hupimwa na dozi kurekebishwa, kwa sababu watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kuitoa mwilini kwa kasi tofauti sana. Ikipungua, seli za zamani zinabaki na mpya hazishiki vizuri. Ikizidi, ini na mapafu yanaumia. Kituo kisicho na maabara ya kupima kiwango hicho na kutoa jibu kwa wakati hakifai kwa kazi hii.

Busulfani inaweza kuleta degedege, kwa hiyo dawa ya kuzuia hutangulia. Fenitoini isitumike, kwa kuwa huifanya busulfani itoke mwilini haraka, levetirasetamu hufaa. Parasetamoli iepukwe katika saa 72 kabla yake na wakati wa dozi, kwani hupunguza glutathioni ambayo ini linaihitaji kuivunja busulfani. Itrakonazoli na metronidazoli huipandisha. Dawa za kuondoa madini ya chuma zisimamishwe angalau siku 7 kabla. Haya mgonjwa ayajue, kwa kuwa parasetamoli ni dawa ambayo mwenye selimundu ameizoea na huimeza bila kumwambia mtu.

Ini ndilo la kuchungwa zaidi. Mishipa yake midogo inaweza kuziba baada ya busulfani, hasa kwa aliyejaa madini ya chuma kutokana na damu za miaka mingi. Dalili ni uzito kupanda siku hadi siku bila sababu, tumbo kujaa, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, na macho kuwa ya njano. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa uzito kila siku, na ndiyo maana chuma kwenye ini hupimwa kabla ya kuanza. Ipo dawa, defibrotaidi, nayo hufanya kazi vizuri ikiwahi.

Kisha uzazi. Dozi hii huweza kumaliza mayai na mbegu za kiume kabisa. Kugandisha mbegu, mayai au viinitete kufanyike kabla, na kwa mwanamke kunahitaji mpango mrefu zaidi kwa kuwa dawa za kuchochea mayai huongeza hatari ya damu kuganda. Gharama hiyo mara nyingi haimo ndani ya bei ya tiba. Kituo kinacholitaja suala la uzazi wiki ya mwisho kimemkosea mgonjwa.

Siku ya kurudishiwa, na wiki zinazofuata

Seli husafirishwa zikiwa katika mvuke wa nitrojeni, Casgevy kwenye nyuzi hasi 135 au chini zaidi. Zisiyeyushwe mpaka jina na namba za utambulisho zimelinganishwa na mgonjwa na watu wawili, kwa kuwa hakuna dozi ya pili. Angalau saa 48 ziwe zimepita tangu busulfani ya mwisho. Chupa huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, na Casgevy iingie mwilini ndani ya dakika 20, la sivyo kihifadhi cha DMSO huanza kuua seli. Lyfgenia inavumilia zaidi, hadi saa 4. Zoezi lenyewe linafanana na kuongezewa damu, pamoja na harufu kama ya kitunguu saumu inayotoka kwenye pumzi ya mgonjwa kwa sababu ya DMSO. Haina madhara.

Baada ya hapo ni kusubiri bila kinga. Vidonda vya mdomo na koo huwapata wengi, na baadhi hulishwa kwa mshipa kwa siku kadhaa. Kwa Casgevy, nusu ya wagonjwa wa selimundu walikuwa na nutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) za kutosha kufikia siku ya 27, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, kufikia siku ya 35. Kwa Lyfgenia nutrofili zilirudi mapema zaidi, kama siku ya 20, ila chembe sahani zilichukua muda uleule, siku ya 36. Homa katika kipindi hiki ni dharura: dawa za bakteria ndani ya saa moja, bila kusubiri majibu ya vipimo. Damu yoyote ya kuongezewa kwa miezi 3 ya kwanza iwe imepigwa mionzi. Kulazwa huchukua wiki 4 hadi 6, na chanjo za utotoni hurudiwa baadaye kwa kuwa kumbukumbu ya kinga imefutwa kwa sehemu.

Kwa nini tunaiweka Casgevy mbele

Lyfgenia ina onyo kali la FDA kuhusu saratani ya damu. Wagonjwa wawili waliotibiwa kwa toleo la awali, kwa utengenezaji tofauti na wa sasa, walipata saratani kali ya damu. Uchunguzi ulionyesha kirusi hakikuelekea kuwa chanzo. Inadhaniwa uboho uliochoshwa na ugonjwa, ukabebeshwa na busulfani, ndio uliozaa seli hizo. Hilo halituondolei wasiwasi wote, kwa sababu uboho wa mgonjwa wa Casgevy nao umechoshwa na umepewa busulfani ileile. Tofauti ni kwamba kwa Lyfgenia hatari ya kujipachika inaongezeka juu yake. Hesabu kamili ya damu inatakiwa angalau kila miezi 6 kwa miaka 15, na vipimo vya mahali jeni ilipojipachika mwezi wa 6, wa 12, na tena ikihitajika.

Pia aliyerithi upungufu wa jeni mbili za alfa-globini (nusu ya pili ya minyororo ya himoglobini), yaani alfa-thalasemia, pamoja na SS anaweza kubaki na upungufu wa damu wenye seli zisizo za kawaida baada ya Lyfgenia. Kipimo cha alfa-thalasemia ni cha lazima kabla ya kuchagua. Ni kipimo rahisi cha DNA na kukiruka hakuna udhuru.

Casgevy haina onyo kama hilo, lakini Cas9 inaweza kukata mahali pasipokusudiwa, na miaka ya ufuatiliaji bado ni michache kuliko ya njia ya kirusi. Anayeichagua akubali kufuatiliwa miaka 15 bila kukwepa kliniki.

Bei, na nani asiifuate

Marekani Casgevy ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 na Lyfgenia milioni 3.1. Uingereza bei iliyotangazwa ya Casgevy ni pauni milioni 1.65, na mwaka 2025 huduma ya afya ya umma ya England ilikubali kuitoa kwa wagonjwa wa selimundu wanaostahili. Hizo ni bei za dozi peke yake. Kubadilisha damu, mashine, kulazwa na uzazi ni hesabu nyingine. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili haina ubora unaoihalalisha kwa maoni yetu.

Mtoto mwenye ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye kinga aanze na upandikizaji wa uboho wa kawaida. Kila ndugu ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kulingana, na kwa watoto wa aina hiyo zaidi ya 9 kati ya 10 hupona, kwa historia ndefu ya ufuatiliaji. Na ambaye hajawahi kupewa haidroksiyurea ipasavyo, kwa dozi inayopandishwa kwa kufuata hesabu ya damu, kutoka miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku na kuendelea, bado hajafika kwenye hatua ya tiba ya jeni. Tumeona mafaili mengi ya wagonjwa walioandikwa kwamba dawa imeshindikana, kumbe dozi haikuwahi kupandishwa. Vidonge vya selimundu viitwavyo Oxbryta, ambavyo wengine waliviwekea matumaini, viliondolewa sokoni Septemba 2024.

Baada ya kutoka hospitali mgonjwa abebe maandishi yanayoeleza tiba aliyopata. Aliyepewa Lyfgenia anaweza kuonekana ana VVU kwenye kipimo cha PCR kwa sababu ya mabaki ya kirusi kibebeo, hivyo apimwe kwa njia nyingine. Asitoe damu wala viungo. Dawa za kuondoa chuma zirudi kwa mpangilio wa daktari wa damu, kwa kuwa zile zinazobana uboho husubiri miezi 6 na nyingine 3. Kwa mwenye chuma kingi, kutoa damu kidogo kidogo ni njia nzuri mara himoglobini inapotulia.

Na seli za uzazi hazijabadilishwa na tiba yoyote kati ya hizi. Aliyekuwa SS bado atampa kila mtoto wake nakala moja ya S, hata akiwa hana maumivu kwa miaka kumi. Mwenzi apimwe aina ya himoglobini kabla ya mimba: akiwa AA, watoto wote watakuwa AS, akiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto SS, na viinitete vilivyogandishwa kabla ya busulfani vinaweza kupimwa jeni kabla ya kupandikizwa.